Tuzunguke Chini Kwanza, Ndipo Tupande

Maneno niliyowaambia wazazi na vijana wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, hapa London, wiki moja kabla ya safari yetu.

Shikamooni wazee wangu. Dada na kaka zangu, salaam. Nanyi vijana mliokaa huko karibu na mlango, sogeeni mbele, nafasi zipo.

Jumamosi ijayo tunakwenda kupanda mnara wa Monument, hapa London. Maswali ya msingi mmeshaniuliza, niyajibu upesi tuyaweke kando. Lifti hakuna. Ngazi ni moja, ya mzunguko, na wanaopanda na wanaoshuka wanapishana humo humo. Vidato ni 311. Mwenye magoti mabovu asijilazimishe, maana nitakayoyasema leo mengi yako chini, na atakayebaki chini hatakuwa amekosa safari. Watoto wadogo washikwe mkono. Maji kila mtu aje na yake. Basi.

Mama mmoja kaniuliza kwa upole kabisa: mwalimu, kwa nini mnara huo? London ina jengo la Shard, mita 310, unaingia kwenye lifti unatoka juu bila hata jasho, unaliona jiji lote mpaka kwenye vilima. Ni swali la haki, na nitalijibu kwa kuwasimulia nilivyoujua mnara huu, maana niliupita miaka bila kuujua.

Nilipofika nchi hii kazi niliyoipata ni kusafisha ofisi, kule katikati kabisa ya jiji, kwenye mabenki. Basi la usiku lilikuwa linanishusha upande wa kusini wa mto Thames, ninavuka London Bridge kwa miguu kabla hakujapambazuka, ninapita chini ya huo mnara, ninaingia kazini. Asubuhi wenye ofisi wakianza kuingia, mimi natoka. Nilikuwa nauona kama ukuta mzuri wa kuegemea wakati wa kufunga kamba za viatu. Waingereza wenyewe wanauita Monument, yaani Ukumbusho, basi. Hata siku moja sikujiuliza ni ukumbusho wa nini.

Halafu siku moja ofisini ilipotea bahasha ya pesa. Tulikuwa wasafishaji wanne kwenye ghorofa lile, wote wageni. Hakuna mtu aliyeniita mwizi, niseme ukweli. Nilichoulizwa ni kama ningekubali mkoba wangu ufunguliwe. Wafanyakazi wa ofisi wapatao thelathini walikuwa wamekaa na meza zile mchana kutwa, na hakuna mkoba wao hata mmoja uliofunguliwa. Bahasha ilionekana siku ya tatu, imedondokea nyuma ya droo. Tuliambiwa imepatikana, kama mtu anavyokwambia mvua imekatika.

Asubuhi ile ya mkoba nilitoka nikakaa kwenye kiwanja kidogo chini ya mnara. Nilikuwa na chapati yangu kwenye karatasi na sikuweza kuila. Wakaja watoto wa shule na mwalimu wao, wakasimama upande wa kaskazini, na mwalimu akanyoosha kidole juu kwenye maandishi, akawaambia: pale mwisho palikuwa na mstari mmoja, ukafutwa kwa tindo, kwa sababu ulikuwa uongo. Nikasogea nisikie. Na tangu siku hiyo sijauacha mnara huu.

Sasa nisikilizeni, niwaeleze uongo huo ulifikaje pale juu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, moto ulizuka kwenye tanuri la mwokaji mikate aitwaye Thomas Farriner, katika kichochoro cha Pudding Lane. Farriner alikuwa anaoka biskuti ngumu za mabaharia wa jeshi la mfalme, maana Uingereza ilikuwa vitani na Waholanzi, na Wafaransa walikuwa wamejiunga upande wa Waholanzi. Likumbukeni jambo hilo la vita, litarudi. Familia iliamshwa na moshi. Chini hakupitiki. Wakatokea dirisha la juu, wakatambaa hadi kwenye paa la jirani. Msichana wao wa kazi aliogopa kule juu, hakutoka, na ndiye aliyekufa wa kwanza. Jina lake halijulikani. Mwokaji tunalijua jina lake, la mtoto wake tunalijua, la meya wa jiji tunalijua. La yule msichana hakuna aliyeliandika.

Aliyewahi kuona nyumba ya makuti ikishika moto siku ya upepo hahitaji maelezo marefu. Nyumba za London wakati ule zilikuwa za mbao, nyingi zimepakwa lami, ghorofa za juu zimetokeza mbele hadi zinakaribia kugusana na za upande wa pili wa njia. Kiangazi kilikuwa kikavu, upepo ulikuwa wa mashariki, mkali, na chini kidogo karibu na mto yalikuwepo maghala ya mafuta na lami. Dawa pekee ilikuwa kubomoa nyumba mbele ya moto ili ukose cha kula. Meya, Thomas Bloodworth, alisita kutoa amri hiyo saa zile za kwanza, na alipokuja kuzinduka moto ulikuwa umeshamtangulia. Siku nne. Nyumba 13,200 ziliteketea, makanisa ya mitaa 87, na kanisa kuu la St Paul's, ambalo madini ya risasi yaliyoezekwa paani yaliyeyuka yakatiririka njiani. Waliosalimika walilala kwenye mashamba nje ya kuta za mji, na virago vyao.

Na pale mashambani, kwenye baridi ya usiku na njaa, watu wakaanza kutafuta nani kafanya.

Hapo ndipo ile vita inaporudi. Mfaransa akionekana njiani anapigwa. Mholanzi anapigwa. Kuna Mfaransa aliyenusurika kukatwa vipandevipande kwa sababu kwenye sanduku lake mlionekana mipira ya moto. Ilipotazamwa vizuri, ilikuwa mipira ya tenisi.

Mmoja hakunusurika. Aliitwa Robert Hubert, kijana wa Rouen, Ufaransa, mtoto wa fundi saa. Alikamatwa akielekea kutoka nchini, akakiri kwamba yeye ndiye aliyewasha moto. Kwanza alisema ameuwashia Westminster, ambako moto haukufika kabisa. Baadaye akabadilisha, akasema Pudding Lane. Alikuwa na ulemavu wa viungo, na akili yake, kwa walivyoandika waliomwona, haikuwa imetulia. Lord Clarendon, waziri mkubwa wa mfalme, aliandika baadaye kwamba hata majaji hawakuamini kuwa ana hatia. Familia ya mwokaji ilikuwemo miongoni mwa waliotia saini kwenye hati ya mashtaka, na lilikuwa jambo la kheri kwao kupata mtu mwingine wa kulaumiwa kwa moto uliotoka kwenye tanuri lao. Mwishoni mwa Oktoba 1666 Hubert akanyongwa hadharani Tyburn, palipokuwa mahali pa kunyongea watu. Baadaye nahodha wa jahazi lililomleta akaeleza: huyu kijana nilikuwa naye baharini, aliteremka London moto ukiwa umeshawaka siku mbili.

Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hubert walimnyonga.

Na msidhani wakubwa hawakuujua ukweli. Baraza la mfalme lilichunguza, na lilichokiona ni mkono wa Mungu, upepo mkubwa na kiangazi kikavu. Yaliandikwa hayo, na yangeweza kuishia hapo.

Bunge lilikuwa limeagiza ujengwe ukumbusho karibu na moto ulikoanzia. Wasanifu walikuwa wawili, Christopher Wren na rafiki yake Robert Hooke. Ujenzi ulianza 1671 ukamalizika 1677. Ni nguzo moja kubwa ya jiwe la Portland, futi 202, karibu mita 62, na hesabu hiyo si ya bahati: kutoka nguzo mpaka mahali pa tanuri la Farriner ni futi 202 pia. Ungeweza kuulaza mnara chini kuelekea mashariki, kilele chake kingeangukia palipokuwa tanuri. Juu kabisa Wren alifikiria kuweka ndege Phoenix, yule wa hadithi anayefufuka majivuni, lakini mwisho likawekwa chungu la shaba linalotoa ndimi za moto, zimepakwa dhahabu. Jua likipiga asubuhi zinang'aa kweli, mtaziona kabla hamjauona mnara.

Vijana wanaopenda sayansi, hili ni lenu. Hooke alikuwa mtu wa majaribio, na mnara waliujenga uwe pia chombo cha kazi yake. Katikati ya ngazi kuna uwazi kutoka chini mpaka juu, na chini ya sakafu kuna chumba. Nia ilikuwa mtu akae kule chini na lenzi, atazame nyota ikipita juu ya tundu la kilele. Haikufaulu, kwa kuwa mnara uko kwenye njia kuu ya darajani, na mtikisiko wa magari ya farasi uliharibu vipimo. Lakini vidato vyake kila kimoja kina inchi 6 sawasawa, kwa hiyo Hooke aliweza kupanda na kipimahewa chake na kujua yuko futi ngapi juu kwa kuhesabu tu miguu. Mkipanda, hesabuni. Mnapanda rula.

Turudi chini. Upande wa magharibi kuna mchongo mkubwa, na wale watakaobaki na magoti yao nawaomba wautazame taratibu. Kuna mwanamke ameketi juu ya kifusi, kichwa kimeinama, mwili umelegea kama mtu aliyerudi mazikoni. Huyo ndiye mji wa London. Nyuma yake mzee mwenye mabawa, ndiye Wakati, anamwinua. Miguuni pake kuna mzinga wa nyuki, kwa maana ya watu kushika kazi kwa pamoja na kujenga upya. Pembeni amesimama mfalme, Charles wa Pili, anatoa maagizo. Mimi kila nikienda namtazama yule mwanamke tu. Mabega yale yamechongwa na mtu aliyejua kuchoka.

Na aliyeyachonga ni mgeni. Caius Gabriel Cibber, mzaliwa wa Flensburg, mji uliokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Wakati anaufanya mchongo huu alikuwa amefungwa kwa madeni. Mchana anaruhusiwa kutoka, anakuja hapa, anachonga mji unaoinuliwa kwenye kifusi. Jioni anarudi gerezani.

Pande nyingine tatu zina maandishi ya Kilatini. Mwanzoni yalisimulia tu moto ulivyokwenda na mji ulivyojengwa. Lakini mwaka 1681 nchi ilikuwa imeingiwa na homa ya kuwaogopa Wakatoliki. Uvumi wa njama yao ya kumuua mfalme ulikuwa umezushwa tangu 1678, na watu wasio na kosa walishauawa kwa uvumi huo. Ndipo wakuu wa jiji wakaamuru uongezwe mstari upande wa kaskazini: kwamba wazimu wa Wakatoliki, uliotenda maovu haya, bado haujazimika. Na pale Pudding Lane, kwenye nyumba iliyojengwa palipokuwa tanuri, wakabandika kibao cha jiwe kilichomtaja Hubert kwa jina kuwa ndiye wakala wa Wakatoliki. Miaka kumi na mitano baada ya kunyongwa! Na wengi waliomjua walisema hata Mkatoliki hakuwa, alikuwa Mprotestanti.

Fikirini mnara ulipo. Daraja la zamani la London lilikuwa linatua hapo hapo, na mpaka 1831 kila aliyeingia mjini kwa daraja hilo alipita mguuni pake. Mkulima na kuku wake, baharia, mfanyabiashara wa Antwerp, Mfaransa anayetafuta kazi. Kitu kirefu cha kwanza kinachompokea mgeni kinamwambia, kwa herufi za kuchongwa, watu wa aina fulani ndio waliotuchoma.

Mwaka 1685 alitawala James wa Pili, naye alikuwa Mkatoliki, mstari ukafutwa. Akapinduliwa, na mwaka 1689 ukachongwa tena, kwa kina zaidi. Haukuondolewa moja kwa moja mpaka 1830, mwaka mmoja baada ya Wakatoliki kupewa haki zao kwa sheria. Kile kibao cha Pudding Lane nacho kiliondolewa kabla ya hapo, katikati ya karne ya 18, na sababu haikuwa uongo wake. Watu waliosimama kukisoma walikuwa wanaziba njia.

Nimelifikiria sana jambo hilo la kuziba njia. Nilipoambiwa bahasha imepatikana, nilikuwa nasubiri neno moja dogo lifuatie, na nafikiri wengi humu mmewahi kulisubiri neno hilo mahali fulani. Waokaji wa London, chama chao cha kale, waliweka kibao pale Pudding Lane mwaka 1986 kuonyesha moto ulikoanzia. Miaka 320. Mtakiona, kiko ukutani, ni kidogo, unaweza kukipita.

Vijana, msije mkarudi mkasema Waingereza tu ndio wenye mawe ya namna hii. Mimi nimekulia Dar es Salaam. Wajerumani walipokuwa watawala walisimamisha mjini mwetu sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao, na askari Mwafrika yuko chini anamtazama juu. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa. Ikapelekwa Hamburg, ikasimamishwa huko 1922, mpaka wanafunzi walipoiangusha mara ya mwisho mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao wakaweka ya kwao, ile Sanamu ya Askari ambayo wazazi wenu wote wanaijua, kwenye mzunguko wa Samora, bunduki na singe imeelekezwa bandarini. Maandishi yake yapo mpaka kwa Kiswahili. Yanawataja askari, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanasema ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nimezunguka sanamu ile upande kwa upande. Jina la askari hata mmoja halimo. La mpagazi hata mmoja halimo, na walikufa kwa maelfu kwa maelfu, kwa njaa, kuhara na mizigo.

Nilipita pale utoto wangu wote nikienda dukani na mama yangu, na sikuwahi kusoma. Nilikuja kusoma nilipokwenda likizo, baada ya kufundishwa kusoma na mnara wa watu wengine. Ndiyo maana nawapeleka ninyi mapema.

Sasa juu. Mkiingia mlango mdogo mtasikia nyayo za walio juu kabla ya kuwaona. Ngazi imezunguka ukuta, katikati wazi, na ukitazama juu inajikunja kama ndani ya konokono. Vidato vimelika katikati kwa miguu ya watu wa zaidi ya miaka mia tatu. Kwenye kidato cha mia moja hivi kifua kinaanza kusema. Simameni kwenye vijidirisha, mpishe wanaoshuka, wapeni upande wa ukuta. Wageni wasiojuana wanasemeshana humo ndani kuliko mahali popote London, kwa sababu lazima mmoja ampe mwingine njia.

Mtatokea kwenye roshani, futi 160 juu ya ardhi, upepo unawapiga usoni. Roshani imezungushiwa wavu wa chuma. Kizimba cha kwanza kiliwekwa 1842, baada ya watu sita kujirusha kutoka pale. Walioweka wavu walifanya vyema, na nawaomba mkiwa pale msifanye masihara na jambo hilo.

Mtaona Tower Bridge, mtaona mto, mtaona kuba la St Paul's alilolijenga Wren yule yule, mtaona maghorofa ya vioo yaliyoukaba mnara pande zote. Pigeni picha zenu. Mkimaliza, njooni upande wa mashariki, mtazame chini kabisa. Kuna kichochoro kifupi, hakina kitu, magari machache na milango ya nyuma ya ofisi. Ndipo palipokuwa na lile dirisha la juu, na yule msichana aliyeogopa kupita. Kumbukeni kwamba mko juu kuliko alivyokuwa yeye, na wavu umewazunguka, na bado miguu itawatetemeka.

Ukishuka unapewa cheti kwamba umepanda. Changu nimekibandika jikoni.

Tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, simu zenu zitaonyesha kumi. Siyo mlangoni. Simameni upande wa kaskazini, mbele ya maandishi, mtafute mstari wa mwisho ulikuwa wapi. Asiingie mtu ndani kabla sijafika.